Mama wa Meza ya Saba Akataa Kuombeshwa Radhi

Kwa Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Hadithi,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kioo kilichopasuka.

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na kama umekaa, usisimame. Sisi huku hatujambo. Mume wangu, fundi saa, hajambo isipokuwa mgongo, na saa zake zote ukutani hazijambo ingawa hakuna mbili zinazokubaliana. Wifi yangu hajambo na anakusalimu sana. Usishangae kwamba hakujui, yeye husalimu watu wote, hata wale waliompigia simu kwa kukosea namba. Mama mkwe hajambo sikio la kulia. La kushoto lilishafunga duka. Paka hajambo, amezaa tena. Mimi mwenyewe sijambo kutoka magotini kwenda juu. Anayekosekana katika salamu hizi ni mmoja tu, binti yetu, ambaye nyumbani tunamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa namna anavyoingia katika jambo akatokea upande wa pili. Yeye hayupo. Huu ni mwaka wa tatu unaingia, miaka miwili na miezi minne tangu abebe sanduku. Basi salamu zake utampa wewe, kwa sababu wewe unamwona na mimi simwoni, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Naomba kwanza nijitambulishe. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha kuchapa vitabu, kile kile kinachochapa vya kwenu. Sidhani kama umewahi kushuka chini kwetu. Ninyi watu wa maandishi huwa mnaishia ofisini kwa msimamizi, mnakunywa chai, mnaondoka. Lakini kitabu hakizaliwi kitabu, Ndugu Mhariri. Huja kwetu kama karatasi kubwa mfano wa shuka. Karatasi ile hukunjwa mpaka ikawa kurasa kumi na sita, nasi twaiita mkunjo. Kitabu cha mikunjo kumi na minne hupangiwa meza kumi na nne kwa mstari, na kila meza ina mtu wake. Wa kwanza anaweka mkunjo wake, anasukuma kwa wa pili, wa pili anaweka wake juu, hivyo hivyo hadi wa mwisho, kisha mshonaji anashona. Mimi ni meza ya saba. Huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja mezani hapo, na jina langu halisi sasa linajulikana na mlipa mshahara peke yake. Wengine wote huniita Mama Saba.

Shule niliishia darasa la nne, wiki ile tuliyofika kwenye kugawanya. Kuzidisha niliweza vizuri.

Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, huja kile kitabu cha zamani ambacho watoto wa darasa la mwisho lazima wakisome. Wewe unakijua. Sisi kiwandani twakiita Mzee, kwa sababu kila tukidhani ameshapumzika anarudi. Mara thelathini na moja nimempanga Mzee, na katika kumpanga nimemsoma, kwa kidole, kurasa zangu: kuanzia ukurasa wa tisini na saba hadi wa mia moja na kumi na mbili. Kilichomo meza ya sita sikukijua. Kilichomo meza ya nane sikukijua. Kila mtu na meza yake. Nikianza kuchungulia za wenzangu, kazi itasimama.

Katika mkunjo wangu yumo mama mmoja, mrefu, shingo kama ya chupa, anakaa na binti yake katika nyumba yenye ngazi nyingi. Inakuja barua ya kumwita binti aende mbali kusoma. Mama anaifungua kwa mvuke wa birika, anaisoma, anaizika ndani ya kopo la unga. Binti anauliza, "Mama, hakuna barua?" Mama anasema, "Hakuna, mwanangu." Binti analia, mama anamchana nywele taratibu mpaka kilio kinakwisha, kisha anamwambia, "Mwanangu, iko siku". Hapo mkunjo wangu unaisha. Na kwa kuwa tunapanga kurasa zikitazama chini, huo ukurasa wa mwisho ndio unaobaki ukiniangalia mimi siku nzima. Iko siku. Iko siku. Nami nilijua siku gani. Iko siku utanishukuru. Mama gani atasema kitu kingine?

Mikunjo iliyotiwa wino vibaya tuliruhusiwa kuichukua nyumbani. Sindano alijifunzia kusoma kwenye mkunjo wa saba. Jioni baada ya jioni nilimsomea, nikifika mwisho ananiambia, "Endelea, mama." Namwambia, "Imekwisha." Anasema, "Haijaisha, haina nukta." Nikampiga busu nikamfunika shuka. Nilidhani anadeka.

Sasa usinione mtu mbaya. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi kukunja ndiyo kazi yangu. Mtoto yule alizaliwa na miezi saba, kifua chake kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Mpaka ana miaka kumi nilikuwa nikiweka kiganja mgongoni mwake kila alfajiri kuhakikisha. Basi ilipokuja barua ya chuo, chuo chenyewe safari ya siku mbili kwa treni, kuna baridi, hakuna mtu hata mmoja wa kuweka kiganja, nilifanya lile ambalo kitabu cha shule kimeniagiza. Nilichemsha birika. Niliisoma. Nikaizika kwenye kopo la unga.

Aliiona baada ya miezi minane, akichekecha unga. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliikung'uta, akaisoma amesimama, akaikunja vizuri kufuata mikunjo yake ile ile, kama nilivyomfundisha, akaniuliza, "Ukurasa wa mia moja na tatu, mama?"

Nikamjibu, "Mia moja na tano."

Kesho yake aliondoka. Salamu zake hupitia kwa shangazi yake, huyo wifi yangu anayesalimu watu wote, nazo zikinifikia zimeshapoa.

Wiki mbili zilizopita ikashuka mezani kwangu mikunjo ya kitabu kipya, na juu ya kila ukurasa jina la mume wangu likiwa limefuata jina la binti yangu. Nilishika meza. Nikawaomba wenzangu kila mmoja anipe mkunjo wake ulioharibika, nikaipeleka nyumbani chini ya kanga ya kujifunikia mvua, nikasoma jioni tisa. Ni Mzee, Ndugu Mhariri! Ni Mzee yule yule, nyumba ile ile, ngazi zile zile, ila safari hii anayesimulia ni yule mama. Na ndipo yakaanza malalamiko yangu, ambayo kwa kuwa barua rasmi hupangwa kwa namba, nayapanga.

La kwanza. Kitabu kimeanza mwanzoni. Mama wa watu amepewa utoto, jambo ambalo hakuliomba. Kumbe alikuwa mtoto mwoga aliyeiba sukari, akaogopa kuimeza, akakaa nayo mdomoni mpaka ikayeyuka yenyewe. Sukari hiyo ni yangu. Nilimsimulia Sindano akiwa na homa, ili acheke. Maneno ya kumchekesha mtoto mwenye homa hayapigwi chapa elfu tatu. Isitoshe, mama akishapewa utoto hatishi tena. Mimi nilimtii mama yangu kwa sababu nilijua kwa hakika alizaliwa na miaka arobaini.

La pili. Mwili. Mama wa Mzee ni mrefu. Kwa miaka thelathini na moja nimejizoesha kuwa mrefu. Nikiingia sokoni naingia kwa shingo. Sasa huyu wa kitabu kipya ni mfupi, anatembea kama bata aliyebeba kikapu, anaonja chumvi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikumbuki, anarudi mlangoni mara tatu kuuliza kama ameufunga, na akiwa na wasiwasi anahesabu vijiko. Nilimsomea mume wangu sehemu ile nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alicheka mpaka akaangusha gurudumu la saa ya mteja, na mpaka leo halijaonekana. Nikamwuliza, "Mimi nahesabu vijiko?" Akasema, "Kumi na moja, mke wangu. Unavihesabu hata usingizini." Nilikwenda kuhakikisha. Vilikuwa kumi na moja.

La tatu. Huruma. Wenzangu mezani nao wamesoma, maana siku hizi watu hawaheshimu mipaka ya meza. Zamani nilikuwa nikipita wanashusha sauti. Sasa wananiletea kiti. Yule mama wa meza ya nane, tunayemwita Nane, mtu wa utani miaka yote, juzi alinishika mkono akaniambia, "Pole, mwenzangu, kumbe una mambo moyoni." Sina mambo moyoni! Nina mambo jikoni, mambo ya magoti, na mambo ya mama mkwe anayetaka redio iwashwe halafu hasikii. Afadhali nichukiwe nimesimama kuliko kuhurumiwa nimekalishwa. Naomba urudishe ukali wangu kama ulivyokuwa.

La nne, na hili naomba ulisome ukiwa umeshiba. Huyu Nane, katika pole zake, aliniuliza, "Hivi Mama Saba, miaka yote hii hujawahi kusoma mkunjo wangu wa Mzee?" Nikamwambia kila mtu na meza yake. Akasema, "Basi usiusome." Ukimwambia mtu mzima asisome, umemwekea kidole ukurasani. Alinipa. Nikasoma pale pale, nimesimama kati ya marundo. Sentensi ile niliyoimalizia mwenyewe moyoni jioni zote zile, inamalizikia meza ya nane. "Iko siku utaniuliza barua ile iko wapi, nami sitakuwa na uso wa kukutazama." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Na katika meza ya tisa binti anashuka zile ngazi zote asirudi. Na katika meza ya kumi mama anashuka kila siku kumwuliza mleta barua. Na Nane akaniambia kwamba mtihani wa mwisho wa shule, karibu kila mwaka, una swali linalosema: Eleza kwa mifano mitano ubaya wa mama.

Mitano, Ndugu Mhariri. Watoto wa taifa zima wamekuwa wakipata alama kumi kwa kumtaja ubaya mtu ambaye mimi nilimfanya mwalimu wangu wa malezi. Nimewashauri wake wa ndugu zangu kwa mfano wake. Nilimsifu kwenye harusi ya mtu.

Lawama hii naiweka mlangoni kwenu, watu wa maandishi. Kwa nini chini ya ukurasa wa mia moja na kumi na mbili hamkuandika: Tahadhari, usimwige mama huyu kabla ya kufika meza ya nane? Kwenye chupa ya dawa ya mende huandika. Tena Sindano alimsoma Mzee mzima darasa la mwisho. Kwa hiyo alijua. Siku ninamchana nywele na kumwambia hakuna barua, yeye alikuwa anajua hadithi hii inakwenda wapi, mimi ndiye sikujua. Mume wangu anasema mtoto alijaribu kunieleza, nami nikamkata nikamwambia mkunjo wa saba naujua kuliko aliyeuandika. Sikumbuki. Inawezekana.

La tano lilikuwa kubwa kuliko yote, lakini mama mkwe ameniita nimkunie mgongo na niliporudi limenitoka. Nimeacha nafasi.

La sita. Mwisho wa kitabu. Katika Mzee, mama anabaki juu ya ngazi, na hilo mtu anaweza kulivumilia. Katika kitabu hiki kipya, binti yangu amempandisha mama treni. Amempandisha na kikapu, na viatu vya kuazima, siku mbili, anaogopa kila daraja, anahesabu mabehewa badala ya vijiko. Amemfikisha mlangoni kwa binti. Na pale, ukurasa wa mwisho kabisa, wa mia mbili ishirini na nne, amemtia maneno haya mdomoni: "Mwanangu, niliogopa, nikauita woga wangu mapenzi. Nisamehe." Kisha basi. Kitabu kimekwisha. Mlango haujafunguliwa wala haujakataliwa, karatasi iliyobaki ni nyeupe.

Napinga kwa nguvu zote. Maneno hayo sikuyasema. Treni sikuipanda na siipandi. Na ili usidhani nazungumza kwa hasira tu, nilifanya uchunguzi. Meza ni kumi na nne, na kumi na tatu zina mama wa watoto. Niliwauliza mmoja mmoja wakati wa chai: umewahi kumwomba mtoto wako radhi? Wakanitazama kama nimeuliza umri. Wa meza ya pili alisema hapana, lakini aliwahi kumnunulia viatu. Wa meza ya tano alimpikia alichokipenda siku tatu mfululizo bila kusema kwa nini. Nane alisema yeye alikohoa mlangoni, na mtoto akaelewa. Radhi ya mama hupikwa, hufumwa, hukoholewa, haisemwi. Mimi mwenyewe nilimfumia sweta la mikono mirefu kwa ajili ya kifua chake nikalituma kwa wifi. Wifi anasema Sindano alilipokea, akalinusa, akalivaa. Sasa mtu aliyekwisha kulivaa sweta anataka na maneno ya nini?

La tano limerudi. Ni hili: mbona hakuniletea mimi kwanza? Mimi ndiye niliyemfundisha herufi. Kama angeniletea jikoni zile karatasi zake kabla ya wewe, Ndugu Mhariri, kabla ya mashine, kabla ya Nane, ningesoma kwa kidole, ningekasirika nikiwa nimekaa, tungemaliza. Imenibidi nipate habari za mwanangu kutoka kwenye rundo la karatasi zilizoharibika, kama mtu anayeokota. Hilo ndilo lilikuwa kubwa.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima.

Kwanza, Mzee afutwe mikunjo yake yote isipokuwa wa saba, aanze katikati na aishie kwenye "iko siku", ili kila nyumba ijimalizie kwa amani. Pili, lile swali la mtihani ligeuzwe: Eleza kwa mifano mitano uchovu wa mama. Wasahihishaji wawe akina mama, na mwanafunzi atakayefikisha mifano kumi apelekwe nyumbani kwao akalale. Tatu, kitabu cha Sindano kirudishwe kwa mwandishi, naye aletwe kwangu pamoja na kalamu yake, akae jikoni mezani, mimi niwe nasimama, akiandike upya ninavyomwambia, hata kama kazi hiyo itachukua mwaka. Chumba chake kipo. Sikukigusa. Nafagia tu. Nne, mama arefushwe. Tano, waandishi wote wenye mama walio hai wapewe barua ya onyo, na waliofiwa wapewe pole. Na sita, kwa vile nimeona serikali hupitisha vitabu vya shule, ipitishe pia kwamba barua yoyote ya chuo kilicho mbali zaidi ya nusu siku isitumwe kwa mtoto wala kwa mzazi, bali ipelekwe moja kwa moja kwenye unga, ili wazazi tusiwe tunasingiziwa.

Najua utasema kitabu kimekwisha chapwa. Ni kweli. Kimechapwa na kukunjwa, na kupanga kunaanza Alhamisi. Lakini mimi si mtoto katika kazi hii. Nimemwomba msimamizi, kwa kitabu hiki kimoja tu, anihamishie meza ya kumi na nne, kwa sababu ya magoti, pale kuna upepo. Amekubali bila kuuliza, maana na yeye siku hizi ananihurumia. Nisipopata jibu lako kabla ya Alhamisi, nitausahau mkunjo wa mwisho. Nakala zote elfu tatu. Kitabu kitaishia mama akiwa ndani ya treni, anahesabu mabehewa, hajafika kokote na hajasema lolote, na wasomaji watadhani ndiyo sanaa. Sijawahi kukosea mkunjo tangu niajiriwe. Usinilazimishe kuanza uzeeni.

Nafunga barua yangu kwa kukutakia afya, wewe na wa nyumbani kwako. Kama una mama, msalimie, na umpelekee kiti kabla hajaomba, lakini usimwambie pole. Mume wangu anakusalimu, anasema kama una saa iliyosimama uilete. Wifi anakusalimu mara ya pili. Mama mkwe anauliza nani anaandikiwa, nimemwambia ni wewe, anakusalimu akidhani ni daktari. Ofisi yako yote naisalimu, pamoja na yule kijana wa mapokezi anayepiga chafya, avae kitu kizito.

Ni mimi, mwenye malalamiko,
Mama Saba,
mzazi wa mwandishi wako.

Niliyoyasahau:

Barua hii nimechelewa kuituma. Bahasha niliipata Jumatano, lakini gundi yake mbaya, ikafunguka, nikasema labda kuna la kuongeza. Leo ni Jumamosi. Tulipanga Alhamisi na Ijumaa.

Meza ya kumi na nne kweli ina upepo. Nakala ya kwanza ilipofika mbele yangu niliuacha mkono hewani kama nilivyokuahidi. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, zikaanza kurundikana, na Nane akaita kutoka kwake, "Mama Saba, umelala huko?" Mshonaji akageuka kunitazama. Nikaweka.

Sikulijua hili kuhusu meza ya mwisho: ukishaweka mkunjo wako, hakuna mwenzako wa kukufunikia. Ukurasa wa mia mbili ishirini na nne unabaki juu, unakutazama mpaka mshonaji auchukue. Nikaweka tena, ukanitazama tena. Kufikia nakala ya mia nilikuwa nausoma kwa macho bila kidole, jambo ambalo sijawahi kuliweza. Kufikia ya mia nne midomo ilikuwa inacheza. Baada ya chai ya pili ilikuwa na sauti. Mama wa meza ya kumi na tatu alidhani namwambia yeye, kwa sababu kuna siku tulikwaruzana juu ya dirisha, akaniambia, "Yamekwisha, Mama Saba, mimi pia nilizidi." Tukalia kidogo, kila mmoja kwa lake, tukaendelea na kazi.

Elfu tatu. Msimamizi amehesabu, haikosi hata moja.

Basi lile la sita ulifute. Siwezi kwenda mbele ya watu nikasema maneno yale si yangu, na nimeyaweka mara elfu tatu kwa mkono huu, Alhamisi na Ijumaa. Mengine yote ufute pia, isipokuwa la tano. Hilo mwache mwanangu alisome. Urefu nimesamehe.

Nakala nyingine sitaki. Nataka anwani. Wifi anayo, lakini aliapishwa, na ukimwapisha mtu anayesalimu dunia nzima anajiona amepata cheo. Wewe hukuapishwa. Mume wangu ameulizia: treni ni Jumatano na Jumamosi, siku mbili, madaraja saba, nimemwambia asiniambie habari za madaraja. Viatu sitaazima, ninavyo vyangu. Usimwambie kwamba nakuja, asije akahama. Wala usimfiche, nimechoka na kuficha. Mwambie hivi tu, kwamba ukurasa ule mama yake ameusoma, na kwamba mlango ule auandikie mwisho mwenyewe, mimi sitammalizia.

Tiketi hukatwa siku tatu kabla. Nijibu upesi, tafadhali, hata kwa neno moja.